"Hujala?" "Ndiyo": Kuhusu Maswali ya Kiswahili Wanayojifunza Wanafunzi wa Uuguzi

Miongoni mwa karatasi zinazopita mkono kwa mkono baina ya wanafunzi wa uuguzi na wa fani nyingine za afya hapa Uganda ni zile ziitwazo "maswali ya kawaida". Zipo za mtihani: mapigo ya moyo ya mtu mzima ni mangapi kwa dakika (60 hadi 100), hupumua mara ngapi (12 hadi 20), na kadhalika. Zipo pia za kumhoji mgonjwa anapofika wodini. Zamani zote zilikuwa za Kiingereza. Siku hizi baadhi zimeongezwa safu ya Kiswahili, na moja kati ya hizo ililetwa idarani kwetu ili tuikague sarufi.

Sarufi yake haina neno. Ngeli zimekaa mahali pake, viambishi ni sahihi, na mtahini wa Kiswahili angeipa alama nzuri. Hata hivyo, tunaona kwamba muuguzi akiitumia kama ilivyo atapata majibu yasiyo ya kweli kutoka kwa wagonjwa wasiosema uongo. Hilo ndilo tunalotaka kulijadili.

Kabla ya hapo tuseme kwa nini karatasi hii inahitajika. Mwanafunzi anayepelekwa kufanya mazoezi karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali atakutana na Wakongo wengi ambao Kiswahili ndiyo lugha pekee wanayoweza kusikilizana naye. Vivyo hivyo Busia na Malaba, mpakani. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, tumekuwa tukiulizwa kitatumika wapi. Wodi ni jibu mojawapo, tena jibu lisilohitaji hotuba.

Tuanze na swali ambalo karatasi imeliweka chini ya kichwa "Kabla ya upasuaji": Hujala kitu tangu jana usiku? Mgonjwa anajibu, "Ndiyo." Je, amekula au hajala?

Mswahili aliyelelewa na lugha hii hulikubali au hulikataa neno la muulizaji. Akiambiwa "hujala?" naye hajala, husema "ndiyo", yaani ni kama ulivyosema. Lakini mtu aliyepitia shule za Kiingereza hujibu kwa kuangalia tendo lenyewe: hajala, basi atasema "hapana". Mmoja amesema ndiyo, mwingine hapana, na wote wawili wana njaa. Kibaya zaidi, yule aliyekula naye anaweza kutamka neno lilelile alilotamka mwenzake ambaye hajala. Muuguzi anaandika kwenye faili kwa kufuata mazoea yake yeye. Wanafunzi wa afya wanajua kuliko sisi sababu ya swali hili kuulizwa: mtu akilazwa usingizi wa dawa tumbo likiwa na chakula, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa mzima hutakiwa kukaa saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila hata maji. Jambo la uzito huo haliwezi kuachiwa "ndiyo" na "hapana".

Hata tukiliondoa kanusho tukauliza "Umekula?", bado hatujafika. Kwa wagonjwa wengi wa huku kwetu, kula ni kula chakula: matoke, ugali, wali. Asubuhi mtu hunywa chai. Chai hiyo inaweza kuwa na maziwa, mandazi mawili na kiazi kitamu, na bado mwenyewe akasema kwa moyo safi kabisa, "Sijala, nimekunywa chai tu." Na huyu ana bahati kama ameongeza hayo maneno ya mwisho. Swali linalofaa halina njia ya kujibiwa kwa neno moja: Mara ya mwisho kutia kitu chochote mdomoni ilikuwa saa ngapi? Kilikuwa kitu gani? Na baada ya hapo umekunywa nini?

Jambo hili si geni katika uuguzi wenyewe. Florence Nightingale, katika kitabu chake *Notes on Nursing* kilichotolewa London mwaka 1859, aliwalaumu wanaomlisha mgonjwa majibu. Mfano wake mmoja ni kuuliza kama mgonjwa amelala vizuri. Alieleza kwamba yuko anayeona usiku wake ulikuwa mbaya kwa sababu tu hakulala saa 10 mfululizo, na yuko aliyesinzia kwa vipande tu akaona ni sawa. Akashauri waulize amelala saa ngapi, na saa zipi za usiku. Inashangaza kidogo kwamba wanafunzi wetu wanafundishwa jina lake, taa yake na vita vya Crimea, kisha karatasi yao inauliza: Umelala vizuri?

Tukiuliza "saa zipi za usiku" kwa Kiswahili, tunaingia katika suala jingine. Kuhusu saa zenyewe hatuna hofu sana, kwa kuwa Waganda nao huhesabu saa kama Waswahili, saa mbili ikiwa ndiyo ile ambayo Mwingereza angeiita ya nane. Tatizo letu ni kwamba safu ya Kiswahili imetafsiriwa kwa tarakimu za Kiingereza, na saa nane imebaki nane. Mwanafunzi akipima fahamu za mgonjwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichotangazwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, hutoa alama 5 za usemi kwa mgonjwa anayejitambua na kujua mahali na wakati, na alama 4 kwa aliyechanganyikiwa. Asubuhi ya saa mbili mgonjwa akijibu "saa mbili" huku karatasi inangojea "saa nane", aliyekosea ni mtafsiri ila alama imekatwa ya mgonjwa.

Siku zina utata zaidi ya saa. Mgonjwa akisema homa ilianza "usiku wa Jumatatu", wapo wazee ambao kwao usiku huo ndio uliotangulia mchana wa Jumatatu, maana siku yao huanza jua likitua. Kiswahili kimekwisha kutupa dawa ya utata huo: usiku wa kuamkia Jumatatu. Mwanafunzi na alijue neno hilo kabla ya kujua majina ya mifupa yote ya mkono.

Sasa tuje kwenye maumivu, ambako karatasi imefanya uchoyo usio na sababu. Kwa Kiingereza imeorodhesha namna sita za maumivu. Kwa Kiswahili imeandika "makali", "ya kawaida" na "ya kuchoma". Lugha hii si maskini kiasi hicho. Tumbo husokota, hukata, hujaa, hunguruma. Kichwa hugonga, hupwita, huzunguka. Kifua hubana. Koo hukereketa. Ngozi huwasha, mguu hufa ganzi. Kila kitenzi kati ya hivyo ni habari anayoitaka daktari, na mgonjwa anacho tayari mdomoni akiulizwa kwa upana: Nieleze linavyouma.

Lakini hiyo "kuchoma" ina mtego wake. Moto huchoma, na mwiba pia huchoma. Mgonjwa anayesema kifua kinamchoma anaweza kuwa na maana ya mwako unaopanda kooni, yaani kiungulia, au ya kitu kama sindano kila avutapo pumzi. Haya ni magonjwa mawili tofauti. Kwa hiyo muuguzi akisikia kuchoma asiandike kwanza, aulize: kama moto au kama mwiba?

Mtego mwingine ni "chembe cha moyo". Mgonjwa akilalamikia hapo, mwanafunzi aliyejifunza majina ya viungo kwa orodha husikia "moyo" na kuandika moyo. Chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, juu ya tumbo. Kadhalika mguu wa Kiswahili huanzia nyongani hadi vidoleni, na mkono huanzia begani. Sentensi fupi kuliko zote katika karatasi hii ingekuwa ndiyo yenye faida kuliko zote, nayo haimo: Nionyeshe kwa kidole.

Upande wa maswali ya mtihani tutapita upesi, isipokuwa penye kosa moja lililokwisha kuota mizizi. Wauguzi hufundishwa mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kumpa mtu dawa: awe mgonjwa ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe ndicho, njia iwe ndiyo, na wakati uwe ndio. Kwa Kiingereza neno linalotumika lina maana ya usahihi na pia ya haki. Mtafsiri akachagua haki, na sasa tuna "Haki Tano za Dawa", kana kwamba vidonge vimeunda chama. Mwanafunzi mmoja katika darasa letu alipoulizwa zimfae nani, alijibu kwamba ni haki za mgonjwa, akaeleza vizuri sana mgonjwa anavyostahili kuheshimiwa. Hakutaja kipimo wala njia. Hatuoni ubaya wa kusema "uhakiki wa mambo matano", au kutumia hizo "ndiye, ndiyo, ndicho", ambazo mtoto wa shule anaziweza.

Kuna pia swali hili: Umewahi kwenda kwa mganga? Waliolitunga walikusudia mganga wa kienyeji, ili wajue kama mgonjwa amekwisha kunywa mitishamba. Lakini kwa Mkongo *munganga* ni daktari, na Tanzania hadi leo kuna Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye hapigi ramli. Mama kutoka Kivu atajibu ndiyo, nao watamwandika anatumia dawa za miti. Iulizwe waziwazi: Umetumia dawa yoyote nyumbani, ya dukani au ya majani?

Lugha ya kuamrisha tunaitaja kwa sababu ya historia yetu. Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu wenye bunduki, hasa kati ya 1971 na 1979. Karatasi inasema: Vua. Lala. Fungua mdomo. Kwa mzee wa umri fulani, hayo si maneno ya hospitali. "Pole, mama. Naomba ulale chali" haiongezi hata sekunde tano.

Tumeliacha mwisho swali lililotutia wasiwasi kuliko yote, lililo katika sehemu ya wajawazito: Umewahi kutoa mimba? Tunavyoelewa, lengo lilikuwa kujua mimba zote zilizotangulia na zilivyokwisha. Kwa Kiswahili, mimba hutoka, au huharibika. Anayeitoa ni mtu. Kitenzi *toka* ni msiba na kitenzi *toa* ni shtaka, tena shtaka la jinai katika nchi hii. Mwanamke aliyepoteza mimba tatu, akiulizwa hivyo mbele ya mkwewe, atasema hapana, na atakuwa amesema kweli. Faili litaonyesha hana historia yoyote, na mkunga wa zamu ya usiku hatajua ajiandae kwa lipi. Wala "Una watoto wangapi?" halisaidii, maana mama wa huku huwahesabu na wa marehemu dada yake anaowalea, na wengine hawapendi kuhesabu watoto kabisa.

Katika nakala tuliyoirudisha tumeandika hivi: Mimba hii ni ya ngapi? Zilizotangulia, zipo zilizotoka au kuharibika kabla ya wakati? Ilikuwa ya miezi mingapi? Waliozaliwa, wote walizaliwa wakiwa hai? Na pembeni, kwa kalamu, tumeongeza kwamba aliyemsindikiza aombwe kwanza akasubiri nje.