Kuchagua Kitakacholika

Hakuna breki isiyolika. Kila gari linaposimama, kuna kitu kimesuguliwa kikapungua, na kilichopungua hakirudi. Fundi wa breki analijua hilo, na kazi yake imejengwa juu yake: kabla gari halijaondoka gereji, yeye ameshaamua kipi kilike na kipi kibaki. Ni uamuzi huo ninaousifu hapa, na barabara za Bukoba na Muleba huupima bila huruma.

Bukoba mjini pako chini, kando ya ziwa. Kutoka, unapanda Rwamishenye, unapita Kyetema na Kemondo, unafika Muhutwe. Hapo unaweza kuiacha barabara kuu ukapandisha Kamachumu, kisha ukazunguka hadi Muleba. Kupanda ni shughuli ya injini. Kushuka ni shughuli ya breki, na magari ya huku hushuka yakiwa yameshiba: mikungu ya ndizi juu, magunia ya kahawa nyuma, abiria wamebanana katikati. Juu ya hayo kuna mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Kwa hiyo pedi inayosifiwa na dereva wa Dodoma inaweza isimfae kabisa dereva wa Kamachumu, ingawa magari yao ni ya aina moja.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari likitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini joto la kulisimamisha limeongezeka mara nne. Katika mteremko mrefu, dereva asiposhusha gia akaiachia injini imsaidie kuzuia gari, joto lote hilo linaishia kwenye diski na pedi. Gundi iliyoshikamanisha pedi huanza kuungua, uso wake unang'aa kama kioo, na mguu unakanyaga pedali ngumu huku gari likizidi kuteremka. Mafuta ya breki nayo yana mpaka wake. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 230; yakishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali inazama hadi chini.

Ndiyo maana pedi si spea ya kununua kwa kutaja jina la gari tu. Zipo laini, za nyuzi na gundi: hazipigi kelele, haziumizi diski, lakini joto kali huzilegeza. Zipo zilizochanganywa na chembe za chuma: zinavumilia mteremko na mzigo, ila diski huzihisi. Zipo za unga wa metali ulioshindiliwa kwa joto, zinazopatikana zaidi kwenye pikipiki zenye diski: hizo hushika hata zikilowa, na diski hulipa gharama. Bodaboda wengi bado wanatumia dramu na shuu, na kwao adui mkubwa ni tope linaloingia ndani na kugeuka msasa.

Mtazame fundi mzoefu akifanya kazi. Akishatoa tairi, hakimbilii pedi. Anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya diski, kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu. Ukucha ukikwama kwenye mifereji, anajua pedi iliyotangulia ilikuwa ngumu mno au ilikwisha bila mtu kuangalia. Anagusa mdomo uliobaki ukingoni, ule usiofikiwa na pedi, unaoonyesha diski ilivyokuwa nene zamani. Kisha anatafuta namba iliyogongwa kwenye diski, unene wa mwisho unaoruhusiwa, na kuilinganisha na kipimo chake. Baada ya hapo ndipo anauliza.

"Gari linalala wapi, mwanangu?"

"Kamachumu, mzee. Asubuhi nashusha ndizi mjini."

"Basi hizi laini hazikufai. Chukua zenye chuma. Diski yako bado nene, itastahimili."

Diski ingekuwa imekaribia mpaka wake, jibu lingebadilika: badilisha vyote viwili, au subiri hela itimie. Pedi ngumu juu ya diski iliyochoka ni kuharakisha ajali. Hesabu hiyo ya vitu viwili vinavyosuguana ndiyo kiini cha ufundi huu.

Hesabu ni ileile hata chombo kikiwa kidogo. Katika vigari vya mashindano vinavyoendeshwa kwa rimoti, vile vya injini ya mafuta vyenye ukubwa wa moja ya nane ya gari halisi, diski hukaa katikati ya gari, ndogo kiasi cha kulala kiganjani mwa mtoto. Mshindani akifunga diski ya nyuzi za kioo na pedi za chuma, amekubali diski ilike. Akifunga diski ya chuma na pedi zenye utando laini, amekubali pedi zilike. Mwingereza Frederick Lanchester, aliyepata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, aliumizwa na swali hilohilo: pedi zake za shaba zilipiga mayowe na kwisha upesi katika vumbi la barabara za wakati huo. Baadaye wengine walitumia asbesto, ikatuliza kelele na kuharibu mapafu ya watu. Kwa hiyo fundi asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Alioshe kwa maji.

Pedi mpya zikishafungwa na upepo kutolewa kwenye mfumo, fundi wa kweli hamruhusu dereva kupakia mzigo papo hapo. Humtuma akakanyage breki polepole mara kadhaa kwenye tambarare, akiachia zipoe, mpaka pedi na diski zizoeane. Dereva mwenye haraka huona anacheleweshwa, na mwenye hela kidogo huona feki inatosha. Rahisi huvunja upishi: aliyebania pedi ndiye atakayenunua diski. Fundi anayeuliza gari linalala wapi kabla ya kutaja bei alipwe anachostahili, kwa sababu anauza kitu ambacho hakimo ndani ya boksi la spea: ujuzi wa kilima unachokwenda kushuka.