Nywele Nazo Zilikuwa Zinaimba

Ukitaka kujua muziki upi umezikwa kwa wazungu, ndugu msomaji, usihangaike na vitabu. Nenda mnadani Makambako asubuhi, belo la fulana linapokatwa kamba. Zitamwagika pale juu ya turubai: Def Leppard, Poison, Mötley Crüe, Guns N' Roses, nyeusi zilizopauka, fuvu hapa, waridi pale. Kufika mchana vijana wa bodaboda wameshazigombania na kuzivaa chini ya makoti mazito, maana baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba haitaki masihara. Nilimuuliza mmoja wao pale stendi, hawa Poison ni kina nani. "Ni sumu, broo," akanijibu. "Kwani wewe hujui Kiingereza?"

Basi makala haya ni ya kuitetea hiyo sumu.

Tuelewane kwanza ni muziki gani. Ni roki nzito ya miaka ya 1980, chimbuko lake hasa vilabu vya Los Angeles, ambako Mötley Crüe walianza mwaka 1981. Wanaume wazima, nywele zimetimuliwa na kupuliziwa dawa mpaka zikasimama kama kishungi cha jogoo, wanja machoni, rangi mdomoni, suruali za ngozi zimebana kuliko hizi modo zetu. Sauti juu, gitaa la solo juu zaidi. Mwaka 1986 Bon Jovi walitoa Slippery When Wet, Poison wakatoa santuri yao ya kwanza, na Waswidi walioitwa Europe wakatoa The Final Countdown. Mwaka 1987 wakaja Waingereza, Def Leppard, na Hysteria. Halafu Septemba 1991 Nirvana wa kule Washington wakatoa Nevermind, na mchezo ukaisha upesi kweli. Mtindo mpya ukawa shati la drafti lisilopigwa pasi, lile ambalo wapasua mbao wetu wa Njombe wanalivaa kila siku bila mtu kuwaita wasanii.

Tangu hapo wenyewe Wamarekani wanauita muziki ule kwa dharau, metali ya nywele. Yaani kilichokuwepo ni nywele tu. Shitaka ni lile lile tunalolijua sote tuliopita mikononi mwa walimu wa Kiswahili: fani kubwa, maudhui hakuna. Ujumbe uko wapi?

Shitaka hili nina kesi nalo binafsi. Mimi nimeishia kidato cha nne, na nina riwaya yangu imejaza kauntabuku mbili. Mtu mmoja ninayemheshimu aliisoma sura tatu, akanirudishia akisema: "Maneno yamepambwa sana. Jamii inajifunza nini?" Sikumjibu siku ile. Nikaenda zangu kusikiliza Def Leppard kwenye simu, na huko ndiko hoja ya makala haya ilikoanzia.

Nadhani tunaukosea muziki huu kwa sababu tunaupima kwa kipimo cha fasihi nyingine. Tunaupima kama hadithi yenye funzo mwishoni, wakati wenyewe ni majigambo. Kumbuka somo la sanaa za maonyesho: shujaa wa Kihaya anasimama mbele ya mtawala na mkuki wake, amevaa, anajisifu, anatingisha ardhi. Sijawahi kuona mtihani unaouliza mkuki ule una ujumbe gani kwa jamii. Mkuki ni sehemu ya maneno. Ukimvua shujaa mavazi yake na kumkalisha kwenye kiti, majigambo yamekufa, hata asipobadilisha neno moja. Ndivyo ilivyo kwa Poison. Zile nywele nazo zilikuwa zinaimba.

Wala usidhani kujipamba kwa mashindano ni jambo geni kwetu. Mwisho wa karne ya 19 huko Lamu na Mombasa walikuwa na ngoma ya Beni, vyama vya vijana waliovaa sare, wakapiga tarumbeta, wakajipa vyeo vya kijeshi na kifalme ambavyo hakuna serikali iliyowapa. Ngoma ikaingia bara na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, majina ya Marini na Arinoti yakatapakaa Tanganyika nzima. Mganda unaochezwa mwambao wa Ziwa Nyasa ni ndugu wa damu wa Beni. Angalia tu wachezaji wanavyopanga mstari, nguo nadhifu kama askari wa gwaride. Vibarua na makarani wadogo ndio waliokuwa Majenerali wa Beni. Mchana unabeba mzigo wa Mzungu, jioni wewe ndiye Mfalme.

Sasa tazama hao wa Los Angeles walikotoka. Poison walitoka Mechanicsburg, mji mdogo wa Pennsylvania ambao hata Wamarekani wengi hawaujui. Axl Rose wa Guns N' Roses alitoka Lafayette, Indiana. Hawa ni watoto wa Makambako, bwana! Wamepanda basi kwenda Dar yao, hawana kitu mfukoni, hawana mjomba redioni. Mtu wa namna hiyo ana mali moja tu, sura yake na kelele zake, na lazima vionekane kutoka mbali. Mwenye nyumba Masaki anaweza kuvaa kandambili na bado watu wakamwamkia.

Labda utasema, sawa, ni kujionyesha tu, kuna ubaya gani kudai ujumbe? Hakuna ubaya. Ila ujumbe peke yake una shida yake, na sisi wa mkoa wa Njombe tunaijua kuliko Mtanzania yeyote. Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Mimi nimekua chini ya mabango ya ujumbe. Nimeigiza michezo ya ujumbe shuleni, mhusika mbaya amekufa, mhusika mwema ameolewa, na nyuma ya darasa watu wanasinzia. Halafu siku moja nikaisikia Mambo kwa Soksi ya Remmy Ongala, wimbo wa kondomu wa mwaka 1990, ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Redio ilikataa, watu wakausikiliza vile vile. Kwa nini? Kwa sababu aliyeimba alikuwa Remmy: rasta zake, lile gitaa lisilotulia, ule utani wa mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaja kuwa Mswahili kuliko Waswahili. Hakuwa mtu wa bango. Mapambo ndiyo yaliyoufikisha ujumbe mpaka chumbani.

Jambo lingine linalonifanya nisiziite nywele upuuzi ni kwamba wakubwa hawajawahi kuziona upuuzi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 Dar es Salaam ikapigwa marufuku nguo fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini. Sibishani hapa na nia yao. Nchi changa ilikuwa inatafuta sura yake. Nasema tu kwamba walielewa jambo ambalo wahakiki wa leo hawalielewi: suruali inasema kitu. Huwezi kupiga marufuku kitu kisichosema lolote.

Huko Marekani nako, tarehe 19 Septemba 1985, maseneta walikaa kusikiliza hoja ya kubandika onyo kwenye santuri. Dee Snider wa Twisted Sister aliingia na lile manyoya yake ya manjano na nguo za jinzi zilizochakaa. Watu walitegemea kituko. Akatoa karatasi mfukoni, akaeleza kwa utaratibu kwamba yeye ni Mkristo, ana mke na mtoto, havuti wala hanywi, na kwamba nyimbo zake zimesomwa vibaya. Alichambua mashairi yake mstari kwa mstari kuliko mwalimu yeyote niliyepata. Naipenda picha ile. Hakukata nywele kwanza ndipo akaheshimiwe.

Na baba wa haya yote tunamjua. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, naye akajiita Freddie Mercury. Queen yake ilianza 1970, kucha zimepakwa rangi nyeusi, mavazi ya satini, sauti zilizopandishwa juu ya sauti kama kwaya ya malaika walevi. Alifariki Novemba 1991, miezi miwili tu baada ya Nevermind. Tarehe 20 Aprili 1992 ikafanyika kumbukumbu yake uwanja wa Wembley, London, na waliopanda jukwaani ni pamoja na Def Leppard, Extreme na Guns N' Roses. Watoto walikuja kumzika baba, na wenyewe walikuwa wameshaanza kuzikwa. Shangani, Mji Mkongwe, kuna nyumba ya makumbusho yake tangu 2019, watalii wanapanga foleni. Vijana wetu wanaopita mlangoni sijui wanafikiri ni ya nani.

Tuache historia, tusikilize. Hysteria ya Def Leppard ndiyo ninayoiweka juu kabisa, na hapa ndipo hoja ya "nywele tupu" inapovunjika mguu. Tarehe 31 Desemba 1984 mpiga ngoma wao, Rick Allen, alipata ajali ya gari akapoteza mkono wa kushoto. Ngoma, mkono mmoja! Bendi yoyote ya kibiashara ingemwagiza mwingine kesho yake. Hawa walimngoja. Akatengenezewa ngoma za umeme, kazi ya mkono wa kushoto ikahamia mguu wa kushoto, akajifunza upya kama mtoto. Santuri ikatoka Agosti 1987 na kuuza nakala zaidi ya milioni 20 duniani. Ukiisikiliza ukijua hilo, utasikia ngoma zisizo na maneno mengi, pigo moja kubwa, nafasi, pigo. Wengine wanaita ubaridi wa mashine. Mimi nasikia mtu anayehesabu viungo alivyobaki navyo.

Halafu kuna bluzi. Kila santuri ya watu hawa ilikuwa na wimbo mmoja wa taratibu, mnyama amefungwa kamba, anaimba kwa gitaa kavu. Every Rose Has Its Thorn ya Poison, More Than Words ya Extreme, To Be With You ya Mr. Big. Panda basi la usiku la Songea, dereva akishapita Njombe na ukungu umeshuka barabarani, utazisikia kwenye spika. Kondakta mwenyewe aliyekufokea kuhusu nauli anaimba kwa pua, Kiingereza cha kubahatisha. Huo ndio urithi wao mkubwa huku kwetu, nao umetufikia bila jina. Watu wanaupenda muziki ambao wangeambiwa unaitwaje wangeukana.

Makosa yapo, na si lile la kujipamba. La kwanza ni kujipamba sare. Kufikia 1989 na 1990 kampuni za santuri zilikuwa zinatafuta nywele zilizofanana na nywele zilizouza jana. Jani Lane wa Warrant alitakiwa na kampuni atunge wimbo mmoja wa kelele. Akatunga Cherry Pie, ukavuma, na baadaye akasema anajuta kuutunga. Majigambo yanataka kila shujaa awe na jina lake. Mashujaa hamsini wenye mkuki mmoja na kivugo kimoja hao ni wanamgambo. (Bongo Fleva, unasikia? Sitaji mtu.)

La pili ni zito zaidi, na sijaona likisemwa vya kutosha. Wanaume hawa walichukua wanja wa dada zao, rangi ya mdomo, viatu virefu, wakapata nazo fedha na sifa, lakini mwanamke mwenyewe wakamwacha kwenye video akikatika juu ya gari. Lita Ford alipiga gitaa kuliko wengi wao. Vixen, wanawake wanne, walitoa santuri 1988, bendi kamili, nao wakawekwa pembeni kama kichekesho. Linganisha na taarabu yetu ya miaka ya 1990, Khadija Kopa na TOT upande mmoja, Nasma Hamis Kidogo na Muungano upande mwingine. Nao walisemwa vile vile: mapambo, mipasho, ujumbe hakuna. Lakini pale dhahabu, kanga na kipaza sauti vyote vilikuwa mikononi mwa mwanamke, na aliyekuwa akijigamba ni yeye. Kwa hilo, Dar es Salaam iliishinda Los Angeles mchana kweupe.

Kwa anayetaka kuanza: anza na Hysteria, kwa spika nzuri siyo ya simu, kisha Pornograffitti ya Extreme ya mwaka 1990, usikilize gitaa la Nuno Bettencourt, mtoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Ureno. Vixen wafuate hapo. Poison waache mpaka utakapokuwa na rafiki wa kucheka naye. Warrant ruka. Na ukiiona mnadani ile fulana ya Def Leppard ya mikono mirefu, saizi ya kati, niwekee.