Acha Ufuo, Shika Barabara ya Lungalunga

Mchanga wa Diani ni mweupe na bahari yake inavutia, hilo halina ubishi. Lakini nimetoka kuipita barabara ya Ukunda hadi Shimoni kwa mara ya kwanza, nikishuka kituo baada ya kituo, na moyo bado unanienda mbio. Jamani, hii ndiyo safari! Msitu mtakatifu wa Wadigo, wachonga vinyago wenye asili ya Msumbiji, karai linalonukia Uhindini, kisiwa cha Wavumba, vyote kwenye barabara moja ya matatu. Na watalii wengi wanaokuja pwani ya kusini wanalala kilomita chache kutoka hapo na kurudi kwao bila kuviona!

Anza Ukunda, tena anza na tumbo. Jioni tafuta mama mwenye karai la viazi kando ya barabara. Viazi vilivyokwisha kuchemshwa anavichovya ndani ya rojo la unga wa ngano lililotiwa manjano, anavitosa kwenye mafuta, na ganda linafura mbele ya macho yako. Akiopoa kiazi, anakipasua kwa kisu, mvuke unatoka, kisha anamimina ukwaju wenye pilipili mpaka unavuja pembeni. Nilikula nimesimama, nikaagiza tena kabla sijamaliza. Harufu ile ya Uhindini haikuja bure: kwa karne nyingi majahazi ya Gujarat na Kutch yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na vitambaa na viungo, na watu wa pwani wakachukua walichokipenda. Sambusa, bajia, chapati, biriani, achari ya embe: nani Kwale leo anaviita vyakula vya wageni? Vimekwisha kuoa, kuzaa na kupata wajukuu hapa.

Kongo usikose kupita, kwenye mlango wa Mto Mwachema: msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, mibuyu imeuzunguka, na mpaka leo watu wanaswali ndani yake.

Halafu Kaya Kinondo. Hapa ndipo nilipoanza kuzungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Kabla ya kuingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni na kofia unaivua. Sheria ni nyepesi kukariri: ulichoingia nacho toka nacho, ulichokikuta kiache, hata jani. Ni hekta 30 hivi tu, lakini hatua chache ndani jua linapotea, joto la barabarani linakatika, na mzee anayekuongoza anakuonyesha mti wa dawa ya tumbo, wa homa, wa mtoto asiyelala. Kuna mti mkubwa unaoukumbatia na kuuachia mzigo ulio nao moyoni. Niliukumbatia kwa dhati. Mwaka 2008 UNESCO iliandika misitu ya kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo imo. Wazee hawa wameilinda ardhi ambayo kila mjenzi wa hoteli angeitamani, na wameilinda kwa miiko. Nawavulia kofia, ndani ya kaya na nje yake.

Sasa Gazi. Nikiulizwa kituo bora cha njia yote, jibu ni Gazi, wala sihitaji kufikiri! Kijiji chenyewe kina historia nzito: hapa ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka kuingia upande wa Wajerumani. Lakini kilichonishika mimi ni mikoko. Kina mama wa Gazi wana njia ya mbao inayopenya katikati ya mikoko hiyo, na wao wenyewe ndio wanaokutembeza. Nenda maji yakiwa yametoka. Mchu umechomoza vipumulio vyake matopeni kwa maelfu, vimesimama wima kama penseli. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyojipinda. Na kaa wadogo wenye gando moja kubwa jekundu wanaingia mashimoni ukikohoa tu. Mama aliyenitembeza alinitajia mkandaa, muia na mlilana kwa kugusa magome yake, huku akinieleza upi hujenga nyumba na upi hutoa kuni nzuri.

Na mikoko hii inalipa! Tangu mwaka 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Pesa zinaingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Mradi ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Hayo utaambiwa huku unapakuliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka ambaye rojo lake limegandia mgongoni. Nilikula kwa mkono, na kama kuna namna nyingine ya kumla samaki huyo siitaki.

Ukishika njia kwenda Msambweni, miembe na mikorosho inakufuata pande zote mbili. Uliza Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, wakabaki, wakazaa, na watoto wao wakaishi miongo mingi bila kitambulisho cha nchi waliyozaliwa. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilimkalia karibu mchongaji mmoja, kipande cha mpingo amekibana kwa nyayo zake. Gome la nje ni la rangi hafifu, kisha tezo linapiga na weusi unatokea. Watu wanapandana mabegani ndani ya gogo moja, bibi, mama, mtoto, bila kiungo hata kimoja cha gundi. Nimeviona vinyago madukani maisha yangu yote. Kukiona kikitoka kwenye mti ni jambo jingine kabisa!

Miwa hiyo ndiyo inayoziunganisha pande mbili za safari hii, ya Wahindi na ya Wamakonde. Kule Ramisi kilisimama kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1920, baadaye kikawa mikononi mwa familia ya Madhvani yenye asili ya Gujarat, mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Mtaji wa Mhindi, jembe la Mmakonde, ardhi ya Mdigo: ukipita Ramisi unaelewa kwa nini meza za Kwale zina ladha nyingi namna hii.

Shimoni ingia pangoni kwanza, uone mahali ambapo watumwa walifungiwa kusubiri vyombo, ukae kimya kidogo. Ndipo upande mashua kwenda Wasini, kisiwa cha Wavumba. Kina mama wa huko nao wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na jikoni mwao kuna kaa mzima wa kuvunjwa kwa kijiti, ndimu pembeni. Bara, upande wa Kibuyuni, wanawake wanafunga mwani kwenye kamba wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, na kuvuna baada ya wiki sita hivi. Sabuni yao ya mwani nimeibeba.

Nendeni! Ulizeni saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka, agizeni chakula cha Gazi na Wasini mapema, bebeni pesa taslimu, na chukueni mwongozaji wa kijiji chenyewe ili pesa yenu ibaki pale pale. Matatu za Lungalunga zinapita Ukunda; kwa Shimoni, shukeni Kanana.