Fuko Huja kwa Chini

Gladioli iliyokuwa wima jana ikilala leo, ivute. Ikija mkononi nyepesi, bila tunguu, basi aliyeila hakupita getini.

Fuko wa nyanda za juu za Kenya si yule wa Ulaya anayeishi kwa minyoo. Huyu ni wa jamii ya panya, Tachyoryctes, na chakula chake ni mizizi, viazi na matunguu. Huchimba kwa meno ya mbele, na midomo yake hufunga nyuma ya meno hayo ili udongo usimwingie kinywani. Kwa mnyama wa namna hii, uzio unaosimama juu ya ardhi ni fedha iliyotupwa.

Kinachomzuia ni kikapu cha waya kinachozikwa pamoja na tunguu, na ubora wake unategemea ukubwa wa tundu. Wengi hununua waya wa kuku kwa sababu ni rahisi. Matundu yake ya milimita 25 hivi yanaweza kumpitisha fuko mchanga, na nyuzi zake nyembamba hulika na kutu mapema. Wavu uliochomelewa, wa matundu ya nusu inchi, huzuia mwili lakini hupitisha mizizi. Uwe umepakwa zinki, maana zinki hulika kwanza na kukinga chuma. Fuko ataguguna ncha za mizizi zilizotokeza nje, tunguu litabaki.

Wavu hukatwa, pande nne zikakunjwa juu, kina sentimita 30 hivi. Kazi nyingi huharibikia kwenye kona: fundi hufunga juu na katikati, akaacha mwanya chini, mahali hasa mchimbaji atakapogusa kwanza. Mdomo wa kikapu utokeze kidogo juu ya udongo, kwani fuko hutoka nje mara mojamoja.

Dalia ni kesi ngumu. Viazi vyake vikinenepa hubana kwenye matundu, na wakati wa kuvigawa utavikata. Ipe kikapu kipana. Amarilisi haihitaji gharama hiyo: ina likorini, sumu chungu ambayo wagugunaji wengi huikwepa.

Kwenye ekari nzima vikapu havilipi. Huko huitwa mtegaji, anayelipwa kwa kila fuko. Hufungua njia, huweka kitanzi kwenye kijiti kilichopindwa, na fuko hunaswa akija kuziba upenyo. Lakini handaki lililoachwa wazi hupata mpangaji mwingine, kwa hiyo mtegaji huitwa tena.