Lafudhi Jukwaani na Kicheko cha Watazamaji

Miongoni mwa mambo ambayo wahakiki wetu wameyapita kimya ni lafudhi. Tunachambua maudhui, tunachambua wahusika, tunahesabu tamathali za semi; lakini mchezo unapoonyeshwa jukwaani au kusikika redioni, jambo la kwanza linalomfikia msikilizaji ni jinsi mtu anavyotamka. Na papo hapo msikilizaji hutoa hukumu yake. Huyu msomi, huyu mshamba. Huyu wa kuaminiwa, huyu wa kuchekwa.

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari, kijana mmoja kutoka mkoa wa Mara alisimama kusoma kifungu cha habari. Mahali palipoandikwa "kula" alisoma "kura", na darasa zima likaangua kicheko. Mimi nami nilitabasamu. Tangu siku ile kijana yule, ambaye insha zake zilikuwa bora kuliko za wenzake wote, hakujitolea tena kusoma kwa sauti mpaka alipomaliza kidato cha nne. Kicheko kile hakikuzaliwa darasani. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kujifunza katika vichekesho, ambamo aghalabu anayechanganya "r" na "l" ni mlinzi mjinga au mume anayedanganywa na mkewe.

Yafaa tujiulize lafudhi tunayoiita nzuri ilipata wapi cheo chake. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, Kiunguja, yaani lahaja ya mjini Zanzibar, kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Kimvita nacho kilikuwa na watetezi wake, tena kilikuwa na hazina ya ushairi iliyotajirishwa na Muyaka bin Haji. Lau Kimvita kingeshinda, leo mwalimu angekuwa akimsahihisha mtoto aseme "mato" badala ya "macho" na "ndia" badala ya "njia", naye angeamini kabisa kwamba sikio lake ndilo lililochagua. Waliochagua walikuwa watawala wa kikoloni, na shida yao ilikuwa vitabu vya shule, kamusi na tahajia moja kwa nchi zote walizozitawala.

Na hao tunaowaiga, je, tunawaiga kweli? Msemaji wa Unguja au wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi: "p" ya mnyama hutoka na pumzi, ya nyumba haina. Hali kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia yetu haiionyeshi tofauti hiyo, na wengi wetu tuliojifunza lugha hii bara, walimu na watangazaji tukiwamo, hatuitamki. Hata hivyo hakuna anayetucheka, kwa sababu kosa letu ni kosa la wenye vyeti.

Sisemi kwamba matamshi hayana maana. Atakayeomba "karamu" akitaka kalamu atapewa wali, na atakayeuliza "mahari" akitafuta mahali anaweza kujiingiza katika mazungumzo ya ndoa asiyoikusudia. Hapo mwalimu hana budi kusahihisha, kwa upole na kwa mazoezi. Lakini Mjaluo anaposema "sauri" akikusudia shauri, au mtu wa bara anaposema "zambi" badala ya dhambi, msikilizaji hapotezi hata neno moja. Kilichobaki ni upendeleo. Mimi mwenyewe hupenda kuwasikiliza watu wa Pemba wakisimulia. Ningeweza kukaa usiku kucha. Hilo ni pendo la sikio langu, wala halinipi ruhusa ya kumpunguzia mtu alama.

Turudi basi jukwaani. Katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, Wamatumbi wanazungumza Kiswahili cha kawaida. Mwandishi hakuzipotoa tahajia ili tujue kwamba hawa ni wakulima wa kusini. Tunawajua kwa njaa yao, kwa shamba la Mzungu wanalolazimishwa kulilima, kwa mabishano yao juu ya maji. Nadhani ndiyo sababu mwanafunzi wa kabila lolote huweza kuusoma mchezo ule bila ya kujiona yuko nje yake.

Mtu aweza kujibu kwamba ule ni msiba, na kwamba ucheshi una sheria zake. Ni kweli. Kule Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchi nzima kwa jina la Mzee Ojwang' katika mchezo wa televisheni uitwao Vitimbi. Alikuwa Mkikuyu akiigiza Mjaluo, na lafudhi ya Kijaluo aliyoitumia ilipendwa mno. Kuiga hivyo si kazi ya mzaha; yataka sikio lililowasikiliza majirani kwa muda mrefu. Tena Mzee Ojwang' alikuwa na mengine zaidi ya ulimi: alikuwa na hila, alikuwa na majivuno ya mwenye nyumba, na alikuwa na mke, Mama Kayai, aliyejua kumjibu. Tulimcheka mzee mzima.

Tofauti yake na vichekesho vingi nilivyovisikia ni kubwa. Nakumbuka kimoja kilichochezwa katika ukumbi wa wilaya, ambamo mlinzi Mkurya alikuwa akiingia na kutoka, na kila alipofungua kinywa watu walivunjika mbavu. Niliporudi nyumbani nilijaribu kuyaandika maneno yake kwa tahajia sanifu, nikirudisha kila "l" mahali pake. Alikuwa amesema karibu, subiri hapa, bwana mkubwa hayupo, chakula kiko tayari. Katika jioni nzima, mwandishi hakumpa hata sentensi moja ya kuchekesha.