Asili ya Ishirini na Nne

Mtu amefariki Unguja, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Gharama za maziko zimetolewa, madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa. Kilichobaki ni mirathi, na katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mafungu yanajulikana: mke thumni, yaani moja ya nane, mama sudusi, yaani moja ya sita, mtoto huchukua kinachosalia. Kati ya mke na mama, nani kapata zaidi? Mwanafunzi mgeni huiona nane ilivyo kubwa kuliko sita, akamtanguliza mke. Mjuzi wa faraidhi, elimu ya kugawa mirathi, hanyanyui kalamu. Anazitazama kwanza asili za mafungu hayo mawili, yaani 6 na 8.

Kutazama huko ndiko ninakokusifu. Kuzidisha hata mtoto wa shule anaweza. Mjuzi anauliza 6 na 8 zina uhusiano gani, na kwa wajuzi uhusiano ni wa aina nne tu: namba zilingane, au moja iingie katika nyingine bila kubakiza, kama 3 katika 6, au zishiriki kigawo, au zisishiriki chochote ila 1, kama 3 na 4. Sita na nane zinashiriki 2. Basi huchukua nusu ya sita, akaizidisha kwa nane: 24. Angezidisha 6 kwa 8 angepata 48, na jibu lingekuwa sahihi, lakini limebebeshwa mzigo usio na sababu. Sasa mke ana 3, mama 4, mtoto 17. Mama amezidi kwa fungu moja, na hata bibi asiyewahi kukaa darasani analiona. Kikokotoo kingempa 0.125 na 0.1666, sita zisizokoma. Haki ya mtu haipendezi kuachwa ikining'inia hivyo.

Na kama wake ni wawili? Thumni ni moja kwao wote, na 3 haigawiki kwa 2. Asili hupandishwa hadi 48: kila mke 3, mama 8, mtoto 34. Hakuna aliyeongezewa wala kupunguziwa.

Ustadi hujaribiwa hasa mafungu yanapozidi mali. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, mama na baba. Mke thumni, mabinti theluthi mbili, kila mzazi sudusi. Kwa asili ya 24 ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa mas-ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Ndiyo auli: asili inainuliwa hadi 27, mafungu yanabaki na hesabu zake. Mali ikiwa shilingi 2,700,000, mke anapata 300,000, kila binti 800,000, kila mzazi 400,000.

Je, mke kapoteza kiasi gani? Nane na tisa hazishiriki kitu, kwa hiyo tunakwenda 72: alikuwa na 9, sasa ana 8. Yaani amekatwa moja ya tisa ya haki yake. Fanya hesabu hiyohiyo kwa baba, kwa mama, kwa mabinti, na kila mmoja utamkuta amekatwa moja ya tisa ileile.