Hadithi ya Mtungi wa Maharagwe

Msomaji, huenda umepata kuonyeshwa katika simu ya mtu hadithi fupi ya katuni, ya dakika chache tu, ambamo mkulima hujaza maharagwe makavu katika mtungi wa plastiki, akaufunga sana, akauweka kando. Na wadudu waliokuwa wakiyabungua wakafa pasipo dawa. Usiidharau kwa kuwa ni katuni. Nyuma yake mna utafiti wa vyuo vikuu. Kikundi kiitwacho Scientific Animations Without Borders, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2011, kimetunga nyingi za namna hii. Yafaa tuipime kama tupimavyo tamthilia.

Sifa yake kubwa ni sauti. Picha hubaki zile zile, lakini msimulizi hubadilishwa, hata bibi asiyejua kusoma akaisikia elimu ile kwa lugha ya nyumbani kwake. Makala ya mtaalamu, iliyojaa majedwali na maneno mazito, haifiki jikoni kwake kamwe. Hapo mchoraji amewashinda maprofesa. Hata hivyo, picha moja kwa nchi zote ina hasara yake: watu waliochorwa hawana kwao, hawataniani, wala hawabishani.

Lililo zito zaidi ni sababu. Wadudu wale hufa kwa nini? Jibu fupi ni kwamba hewa imewaishia. Lakini mwaka 2012 Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake, waliochunguza wadudu wa kunde, walieleza zaidi: mdudu aishiye ndani ya punje kavu hana maji ya kunywa, naye hujitengenezea maji mwilini kwa kutumia oksijeni. Oksijeni ikipungua, huacha kula, na mwishowe hufa kwa kukaukiwa. Je, kuliacha jambo hili ni uongo? Sidhani. Mkulima hapotezi hata punje moja kwa kutolijua (ingawa mimi ningaliliweka, maana ni tamu kuliko hadithi yenyewe).

Sivyo ilivyo kwa habari ya kufungua mtungi. Mama akiufungua kila jioni ili achote ya kupika, hewa mpya huingia, na wadudu huponea hapo. Aliyepewa amri tupu ya kufunga hawezi kulitambua hilo. Lakini aliyeelezwa kwamba wadudu wenyewe ndio wanaoimaliza hewa waliyofungiwa, atatenga mtungi mdogo wa matumizi bila kufundishwa na mtu. Mtunzi aweza kupunguza mengi, lakini asipunguze lile litakalomsaidia mtazamaji kufikiri peke yake siku picha haipo.

Basi utazamapo hadithi ya namna hii, izime kidogo, ujiulize: mtungi ukijazwa nusu tu, itakuwaje? Niliwauliza hivyo wanafunzi wangu, na karibu wote walisema ni mamoja, maadamu kifuniko kimekazwa. Ni msichana mmoja tu, aliyeketi nyuma kabisa, aliyesema kwamba nusu ile nyingine si tupu, imejaa hewa.